Bahari ni mali ya Birongo pia

Mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiswahili kwetu Birongo hadi madarasa ya juu ya shule ya msingi anajua kwamba neno kaa ni kitawe. Muulize, naye atakujibu bila ya kusita: kaa ni kuketi au kuishi mahali, kaa ni kipande cha kuni kilichoungua, na kaa ni mnyama wa majini mwenye gamba gumu na magando mawili. Atatunga sentensi tatu zilizo sahihi, atapata alama zake, na somo litakwisha. Hataulizwa kaa huyo wa tatu huvuliwa na nani, kwa zana gani na kwa ruhusa ya nani. Wala hataambiwa kwamba maji anamoishi kaa huyo ni mali yake yeye mwanafunzi.

Naam, ni mali yake. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaorodhesha ardhi ya umma, na katika orodha hiyo imo mito na maziwa, imo bahari iliyo ndani ya mipaka ya nchi, umo ukanda wa kiuchumi wa baharini, na imo sakafu ya bahari yenyewe. Ibara hiyo hiyo inasema kwamba serikali ya taifa inaishika mali hii kwa dhamana ya wananchi wa Kenya. Haikusema wananchi wa Lamu au wa Kwale. Mchuma chai wa Birongo, aishiye zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka ufuoni, ni mmoja wa wenye mali, sawasawa na mvuvi wa Vanga.

Tunalijua jambo hili mtu mwingine anapoitaka mali yetu. Mnamo tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa hukumu kuhusu mpaka wa baharini kati ya Kenya na Somalia. Hukumu ile iliipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililokuwa likigombaniwa, na serikali ya Kenya ikatangaza kwamba haiitambui. Siku zile bahari ilizungumzwa katika vioski vya chai na katika matatu za bara, na watu ambao hawajapata kuonja maji ya chumvi walisema "bahari yetu". Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuisoma sheria inayosema bahari hiyo hiyo itumiwe vipi?

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Sheria ya uvuvi ya nchi hii haina budi kupatikana kwa Kiswahili, tena kwa maneno ya wavuvi wenyewe, na wajibu wa kuidai si wa watu wa pwani peke yao. Ili hoja hii isielee hewani, nitaifungia kwenye kitu kimoja kidogo kinachoshikika mkononi, nacho ni mtego wa kaa.

Mchezo wenye kanuni

Natuanzie mbali ili tupate kipimo cha kupimia mambo ya nyumbani. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, kuvua kaa kwa kujiburudisha ni desturi ya watu wa kawaida. Dereva, mwalimu au mzee aliyestaafu hupanda mashua yake siku ya mapumziko, akavuka mawimbi ya ufuoni hadi bahari kuu, akatupa mtego wa nyavu za chuma wenye vichwa vya samaki kwa chambo. Mtego huzama hadi chini. Kamba ndefu huuunganisha na boya linaloelea juu. Mwenyewe hurejea baada ya saa kadhaa au siku ya pili, akauvuta. Waingereza na Wamarekani huuita mtego huu kwa neno lile lile wanaloliita chungu cha kupikia, na pengine wapo wanaoona ni safari moja tu kutoka chungu hiki hadi kile.

Mchezo huu una kanuni, na kanuni zenyewe zinastahili kutazamwa. Katika jimbo la Oregon mtu mmoja, mwenye leseni, huruhusiwa mitego mitatu. Kwa siku haruhusiwi kuchukua zaidi ya kaa 12 wa aina iitwayo Dungeness, wote wawe madume, na kila mmoja awe na gamba la upana usiopungua inchi 5¾, yaani kama sentimita 14.6. Majike hurudishwa baharini wakataga. Kumtambua jike si kazi: mgeuze kaa chali uutazame mkunjo ulio tumboni mwake, wa dume ni mwembamba uliochongoka, wa jike ni mpana kama ngao. Tena, kuanzia tarehe 16 Oktoba hadi 30 Novemba kila mwaka, bahari kuu hufungwa kwa wavuvi wa kaa, ingawa hori na midomo ya mito hubaki wazi.

Jirani yao, jimbo la California, lina kanuni zake. Tangu Novemba 2021 mvuvi wa kujiburudisha haruhusiwi zaidi ya mitego 10, na hana ruhusa ya kuuacha mtego majini zaidi ya siku tisa bila ya kuuvuta. Boya lake sharti liwe na nambari ya kumtambulisha. Mtego wenyewe lazima uwe na matundu mawili ya mviringo, kila moja la upana wa inchi 4¼, ili kaa wadogo watoke. Isitoshe, sehemu fulani ya mtego hufungwa kwa uzi wa pamba usiotiwa dawa. Mtego ukikatika kamba na kupotea, uzi ule huoza, mlango hufunguka, na kaa waliomo huenda zao. Bila ya uzi ule, mtego uliopotea huendelea kuvua miezi na miaka: kaa hufa ndani, mzoga wake huwa chambo cha mwingine, na hakuna anayekula.

Kanuni hizi hazikutokana na hisani. Mwaka 2016 maafisa wa Marekani walithibitisha visa 48 vya nyangumi kunaswa katika kamba za uvuvi na nyinginezo kwenye pwani ile ya magharibi, na mitego ya kaa ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa. Watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani mwaka 2017, na mapatano yakafikiwa mwaka 2019. Kesi ile ilihusu wavuvi wa biashara, lakini baadaye na wale wa kujiburudisha wakawekewa mipaka.

Sisemi haya ili kuwasifu Wamarekani. Ninalotaka msomaji alitambue ni hili: kanuni zote nilizozitaja zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, tena kwa lugha ambayo mvuvi wao huizungumza nyumbani kwake na kuisoma gazetini. Mtu anayevua kwa kujifurahisha tu, ambaye asipopata kitu atanunua nyama dukani, ameandikiwa sheria anayoweza kuisoma. Je, yule ambaye asipovua watoto hawali?

Lema na dema

Kwetu Kenya, uvuvi wa kujiburudisha umezoeleka kuwa na sura ya mgeni. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua katika maji ya Malindi miaka ya 1930, na hadi leo mashua za Malindi na Watamu huwachukua watalii kuwasaka sulisuli na nduaro. Kaa naye, kwa mtalii, ni chakula. Huko Dabaso, kwenye hori ya Mida karibu na Watamu, kikundi cha wanajamii kinatunza mikoko, kinanenepesha kaa na kuwapikia wageni katika mkahawa wa mbao uliojengwa juu ya mikoko yenyewe. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kaa wengi wa mikoko hukamatwa na mtu anayetembea katika tope wakati maji yamekupwa, akichungulia tundu moja baada ya jingine, mkononi ana chuma kirefu kilichopinda ncha. Huyo hajiburudishi.

Ukivuka mikoko ukafika kwenye miamba ya matumbawe, hapo utaukuta mtego wetu wenyewe. Husukwa kwa mianzi iliyochanwa au kwa fito, ukawa na pande sita, na mlango wake ni mpana nje na mwembamba ndani, hata samaki huingia kwa wepesi asijue pa kutokea. Hutiwa chambo, huwekewa mawe, ukalala chini. Samaki wanaotakiwa ni tafi, pono na wenzao, ingawa kaa na kamba nao huingia. Wavuvi wengi wa Kenya huuita lema, kwa wingi malema. Ukivuka mpaka kwenda Tanga, Pemba na Unguja, utasikia dema. Mwanaisimu hatashangaa, kwa kuwa l na d hutamkiwa karibu mahali pamoja kinywani. Mvuvi naye hashangai. Anajua ni chombo kile kile. Lakini anajua pia kwamba lema si uzio, ule ukuta wa fito unaosimamishwa kwenye maji ya kina kifupi ili maji yakipwa samaki wabaki ndani, na kwamba uzio si mgono, mtego wa kusukwa utegwao mitoni.

Hapa ndipo lugha inapoacha kuwa pambo. Sheria inayotawala zana hizi ni Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, nambari 35 ya mwaka 2016. Bunge liliipitisha kwa Kiingereza. Kiingereza kina neno la jumla la mtego, nasi tukilifasiri neno hilo kivivu tutapata "mtego" tu, neno linaloingiza panya, ndege, paa na samaki katika kikapu kimoja. Lema huhamishika, uzio husimama. Lema huchagua kidogo, uzio huzoa kila kilichomo. Kanuni inayofaa hiki inaweza kumwonea mwenye kile. Mtunga sheria asiyejua tofauti ya majina ataikosa pia tofauti ya vitu, na hasara itamwangukia mwenye chombo.

Watafiti waliofanya kazi na wavuvi wa pwani ya Kenya wamewahi kuonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuleta faida. Katika miaka ya 2010 walijaribu malema yaliyoachwa pengo jembamba pembeni. Vitatange na samaki wengine wembamba wasio na bei, pamoja na wachanga wengi, walipenya wakatoka, na wale wakubwa wenye kuuzika wakabaki. Ni fikira ile ile ya matundu ya California, tena imejaribiwa hapa hapa, kwa mianzi yetu. Lakini fikira hiyo ili iwe kanuni inayotiiwa lazima iandikwe: pengo liwe la upana gani, upande gani, katika lema la ukubwa gani. Na ikiandikwa kwa lugha ambayo msukaji wa lema haisomi, itamfikia kwa njia gani?

Nitajibiwa kwamba wapo maafisa wa uvuvi wanaozieleza sheria kwa Kiswahili, na kwamba tangu mwaka 2007 zipo kanuni za kamati za ufuo, zile ambazo wavuvi wanaziita BMU, zinazokutana na kujadiliana kwa Kiswahili. Ni kweli, na nawapongeza wanaofanya kazi hiyo. Lakini neno la mdomo lina kasoro moja ambayo hakuna mazoea yanayoweza kuitibu. Afisa huyu anaeleza hivi, mwenzake akihamishwa kuja mahali pake anaeleza vile, na mvuvi akikamatwa, hakimu haamui kwa maelezo ya afisa yeyote kati ya hao wawili. Huamua kwa maandishi ya Kiingereza. Mvuvi alitii alichoambiwa, akahukumiwa kwa ambacho hakukisoma.

Uzito wa maandishi wanaujua vyema Wapemba. Hawa ni miongoni mwa wavuvi hodari wa pwani ya Kwale na Kilifi, na wazee wao waliishi hapa tangu kabla ya uhuru. Hata hivyo, kwa miaka mingi hawakuwa na vitambulisho vya Kenya, na asiye na kitambulisho hapati leseni ya kuvua kwa jina lake. Walijua kusoma kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, ila karatasi haikuwajua. Mwaka 2023 serikali iliwatambua rasmi kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Sasa wana haki ya karatasi. Itakuwa ajabu wakikabidhiwa leseni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine sheria wasiyoielewa, ilhali lugha yao ya mama ni hiyo hiyo ambayo Ibara ya 7 ya Katiba inaiita lugha ya taifa na lugha rasmi.

Ati Kiswahili hakitoshi?

Hoja ya pili nitakayojibiwa ni ile kongwe: Kiswahili hakina istilahi za kitaalamu za kutosha kubeba sheria. Nimeisikia hoja hii tangu nilipokuwa mwanafunzi, na bado sijaonyeshwa ushahidi wake. Katika uvuvi, ukweli umegeuka juu chini. Kiswahili ndicho chenye majina, na anayeandika kwa Kiingereza ndiye anayelazimika kuzungukazunguka kueleza kitu ambacho mtoto wa Shimoni hukitaja kwa neno moja.

Tazama neno tengefu. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi, walikubaliana kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe ili samaki wazaane. Wataalamu walikuja na jina refu la Kiingereza lenye maneno manne. Wavuvi wakasema tengefu, yaani mahali palipotengwa. Jina likaenea katika vijiji vingine vya pwani, na mwaka 2017 Kuruwitu ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator, itolewayo na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Sidai kwamba samaki walirudi kwa nguvu ya neno. Walirudi kwa sababu watu waliacha kuvua mahali pale. Lakini watu walikubali kuacha kwa kuwa walijua barabara walichokubali, nacho kilikuwa na jina ambalo kila mmoja alilielewa bila ya mkalimani.

Jirani zetu wa Tanzania nao wametupa somo. Mwaka 2021 walibadilisha sheria yao ya tafsiri ya sheria, wakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi yao haijawa rahisi, kwani kufasiri sheria za miongo mingi si jambo la wiki moja. Lakini wameshaamua upande wa kuelekea. Sisi tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai kwa ngoma na mashairi, kisha tarehe 8 Julai tunarudi kwenye muswada wa Kiingereza.

Kaa wa mtoni

Pengine msomaji wa milimani bado hajaridhika. Atasema: haya yote ni ya chumvi, mimi nina ndizi, chai na ng'ombe, kaa ananihusu nini? Basi nitamrudisha mtoni kwake.

Kabla ya miaka ya 1950, mabonde kadhaa ya mito katika kusini mwa Nyanza, yakiwemo ya Riana na Kuja, mto ambao sisi tunauita Gucha, yalikuwa na ugonjwa wa upofu wa mtoni, uitwao pia usubi. Inzi mdogo mweusi humwuma mtu na kumpandikizia mnyoo, na watoto wa mnyoo huo husambaa katika ngozi hadi machoni. Ugonjwa ulipofusha watu. Kuanzia mwaka 1946 wataalamu Garnham na McMahon waliongoza kazi ya kutia dawa ya DDT katika mito ili kuwaangamiza wadudu hao. Dawa ilifanya kazi, lakini fumbo lilibaki: mabuu ya inzi huyu huishi wapi? Yalitafutwa kwenye mawe na majani ya mtoni, hayakuonekana. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza jibu. Mabuu yale yalikuwa yamejishikiza kwenye gamba la kaa wa mtoni. Kaa hakuwa mgonjwa wala mkosaji. Alikuwa amebebeshwa mzigo tu.

Miaka iliyofuata inzi yule aliangamizwa nchini Kenya. Nchini Uganda, ambako mwaka 2007 serikali ilitangaza nia ya kuutokomeza ugonjwa huu kabisa, wataalamu bado hutega kaa wa mtoni kwa mitego ya kusukwa yenye chambo cha nyama. Humtoa kaa, humkagua gamba, humhesabu mabuu. Wakikuta kaa wote ni safi, msimu baada ya msimu, hujua kwamba bonde lile linaelekea kupona. Mtego wa kaa, chombo cha kitoweo na cha mchezo, umekuwa chombo cha tiba. Ni wanafunzi wangapi wa Gusii waliopata kusomeshwa kwamba macho ya babu zao yana historia moja na kaa aliye mtoni mwao?

Na uvuvi haujaishia hapo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na Gusii tulipata mgao wetu. Huko Kegati, si mbali na Birongo, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo chake cha ufugaji wa samaki. Kwa hiyo sheria ile ya mwaka 2016 haikomei Mombasa. Inamfikia mwenye bwawa la sato kando ya shamba lake la migomba.

La kufanya

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja wafadhili. La kwanza, Bunge na mabunge ya kaunti yatoe matini ya Kiswahili ya sheria ya uvuvi na ya kanuni zake, yenye nguvu sawa mahakamani na ile ya Kiingereza. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi ya kutunga sheria. Kumwita mtu atoe maoni juu ya maandishi asiyoweza kuyasoma ni kumdhihaki. Na Ibara ya 120 imekwisha kukitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hakuna kizuizi cha kikatiba kinachosubiri kuondolewa.

La pili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Idara za Kiswahili na isimu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Badala ya kurudia mada zilizochakaa, baadhi yao waende Vanga, Shimoni, Mida na Lamu, wakae na wavuvi, waandike majina ya zana, ya samaki, ya maji na ya majira, pamoja na tofauti za lahaja. Wengine wabaki milimani wawaulize wazee majina ya viumbe vya mtoni kwa Ekegusii, kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Orodha hizo ndizo atakazozihitaji mfasiri wa sheria. Mfasiri asiyekuwa nazo atabuni maneno ofisini, na maneno ya ofisini hufia ofisini.

La tatu ni la walimu wenzangu wa shule. Katika vipindi vya ufahamu huwa tunawapa wanafunzi vifungu vya hadithi na hotuba. Mara moja kwa muhula tuwape kifungu cha sheria kilichofasiriwa vizuri, kiwe cha uvuvi, cha maji au cha ardhi. Tuwaulize: nani anaruhusiwa, nani anakatazwa, kipimo ni kipi, na neno gani lina utata? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo amejifunza lugha na amejifunza uraia kwa pamoja. Akiwa mkubwa hatangoja aelezwe na afisa.

Wahenga walisema mtego bila ya chambo haunasi. Sheria ya nchi, kwa bahati mbaya, hunasa hata bila ya chambo. Humnasa aliyeijua na asiyeijua, na asiyeijua ndiye anayezama zaidi kwa kupapatika. Kama tumekwisha kujifunza kumwachia samaki mchanga pengo la kutokea katika lema, basi mvuvi naye anastahili maandishi anayoweza kuyasoma kabla mlango haujamfungia. Mali ni yetu sote, wa ufuoni na wa milimani. Tuidai sheria yake kwa lugha yetu.